Mlio wa Baiskeli Inayopanda

Mjini Goma watu huvuka barabara kwa masikio. Macho yana kazi yake ya kutafuta pa kukanyaga kati ya mawe meusi ya lava. Masikio ndiyo yanayojua pikipiki inatokea upande gani. Basi asubuhi ile, penye msongamano wa soko la Virunga, Joyeuse alisikiliza kushoto, akasikiliza kulia. Alisikia bei ya vitunguu, redio ya fundi wa saa, na chukudu, baiskeli ya mbao ya kusukumia mizigo, ikikoroma kwa mbali na magunia yake. Akaingia barabarani, bunda la vitenge kichwani.

Kitu kilichomjia hakikuwa na sauti.

Aliona bidon ya manjano, dumu lile la mafuta ya kupikia, ikija usawa wa tumbo lake kama inayoruka peke yake. Nyuma ya bidon kulikuwa na kijana aliyetoa macho. Kijana akapinda usukani, baiskeli ikampita Joyeuse kwa upana wa kiganja, ikajipiga kwenye jiwe la ukingoni. Gurudumu la nyuma likajikunja kama kikapu kilichokaliwa. Vitenge vikamwagika katika vumbi jeusi. Wauza vitunguu wakacheka, maana hakuna aliyeumia.

"Dada, hauna masikio?" kijana akauliza, bado amekaa chini.

"Niko nayo mbili." Joyeuse alijibu kwa sauti ndogo, hakuzoea kujibizana na watu barabarani. "Ni velo yako ndio haina makelele."

"Haina makelele juu ni ya umeme." Kijana akasimama, akasahau hata kujipangusa. Alivaa shati la mistari lililofungwa vifungo vyote mpaka shingoni, kama mtu anayekwenda kupigwa picha, na suruali yenye matundu madogo ya moto wa kuunganishia nyaya. "Angalia. Moteri iko hapa, ndani ya gurudumu ya mbele. Inavuta. Batri nimezitoa katika laptop zilizokufa, nikazipanga ndani ya bidon. Gurudumu ya nyuma inafuata tu, na meno yake nimeyajaza grisi mpaka yakanyamaza. Nilikuwa naijaribu."

"Unaijaribia watu?"

"Naijaribia mulima. Wewe ndio ulijileta."

Joyeuse akacheka, akajifunika kinywa kwa kiganja. Blauzi yake aliishona mwenyewe, ndege wa manjano juu ya samawati, mikono imejaa upepo. Kijana akaitazama blauzi, akamtazama yeye, akasahau gurudumu lake.

"Uitafutie makelele," Joyeuse akasema akiinama kuokota vitenge. "Kitu chenye kinakuja bila kusikika, siku moja kitaua mutu."

Neno hilo lilipomtoka, uso wake ukafungwa kama dirisha linalofungwa na mtu aliye ndani. Kijana aliliona.

"Mimi naitwa Cikuru, wa mutaa wa Mapendo. Nipatie numero yako."

"Ya nini?"

"Nikuite siku itapata makelele."

Joyeuse akampa. Mpaka leo hajui alipata wapi uhodari huo.

Cikuru hakungoja makelele. Alipiga simu jioni ileile, na asubuhi yake, na kila siku baada ya hapo. Joyeuse alishonea barazani, nyumbani kwao Mabanga, simu imebanwa kati ya sikio na bega, miguu ikiendesha cherehani.

"Allo, Mama Bila Masikio."

"Allo, Bwana Bidon. Umekula?"

"Nimekula bugali."

"Asubuhi bugali, jioni bugali. Ninyi Bashi mutajengea nayo nyumba."

"Na ninyi watu wa Masisi na maziwa yenu? Siku nitafika kwenu nitakunywa mpaka ng'ombe alie."

"Utakunywa kama mama atakupatia."

"Atanipatia. Nitavaa shati yangu."

"Ile ya kujinyonga shingo?"

"Sheri, ile shati ndio ilikuangusha."

"Nani alianguka? Si ni wewe?"

Walikutana mara kwa mara kando ya ziwa, au katika duka dogo la Cikuru ambako redio zilizokufa zilipangwa ukutani kama mafuvu. Alimwonyesha namna anavyopima batri moja moja. Alimwambia kwamba mafuta ya pikipiki yamekuwa shida ya kila mtu, na kwamba akifaulu kupandisha baiskeli moja na mzigo, atatengeneza nyingine kwa ajili ya akina mama wanaobeba makaa mgongoni. Alikuwa mtu wa kusema mambo kama hayo bila kujisifu. Joyeuse alimpenda kwa hilo, na kwa vidole vyake vyenye makovu.

Siku moja Cikuru akasema, macho yakiangalia maji, "Papa yangu Evariste anataka kuja kuwaona wazee wenu. Anauliza tarehe."

Joyeuse akaanza kuvuta uzi wa pindo la kitenge chake.

"Hawezi kuja, Cikuru. Nyumba yetu haijanawa."

Hapo ndipo alipomweleza. Alikuwa na kaka, Darius, aliyekuwa akienda Bunagana kwa baiskeli kuleta bidhaa za mpakani. Wakati ule wa vita, watu walipokimbia na barabara ikafungwa, Darius alikuwa huko. Hakurudi. Wengi walisema amekufa, na baba mdogo Ntirenganya akanunua beseni jipya, maana kwao mtu akizikwa, wote waliolia hunawa mikono pamoja katika beseni moja mlangoni, kisha maisha yanaendelea. Lakini mama yake, Mukagasana, alilipindua beseni, akaliweka nyuma ya mlango. Hakuna maiti, alisema, basi tunanawa nini? Tangu hapo nyumba ilikuwa katika kilio kisicho na mwisho. Na katika nyumba yenye kilio hakuna anayekuja kuomba binti.

"Kila jioni anaacha mulango wa kiwanja bila kuufunga," Joyeuse alisema. "Anamimina maziwa katika kikombe ya Darius, anaifunika. Asubuhi anaimwaga. Anasema atanawa siku Darius mwenyewe atakuja kumwambia."

"Atakuja namna gani?"

"Tulikuwa tunamusikia. Nyumba yetu iko katikati ya mupando. Alikuwa anatoka juu, anaacha kunyonga, anashuka velo ikilia. Velo yake ilikosa jino moja kule ndani. Ilikuwa inalia tik-tik-tik, inanyamaza kidogo, tena tik-tik-tik. Mama alikuwa anasikia kutoka mbali, anaweka maji ya kuoga. Hata sasa kuna jioni anasimama, anasema umesikia? Na mimi..."

"Na wewe?"

"Na mimi nasikiaka."

Cikuru akamshika mkono. Ziwa lilikuwa limetulia, na hakuna hata mmoja wao aliyetaka kusikiliza sana.

Siku zikapita. Papa Evariste akauliza tena tarehe, na safari hii aliuliza kwa ukali, kwamba ukoo gani huo unaoficha mlango wake. Cikuru naye akawa anarudia swali lilelile katika simu.

"Mama hajasema kitu?"

"Hajasema."

"Na kama hatasema kamwe?"

"Cikuru, usinikaze."

"Sikukazi, mupenzi. Nauliza tu, tutazeeka namna hii, wewe barazani, mimi kwenye simu?"

Halafu Cikuru akaacha kuuliza. Alisema anatengeneza baiskeli, amepata gurudumu lingine la nyuma, anataka kumshangaza. Joyeuse aliendelea kushona.

Jioni moja, mlima wa moto umejifunika mawingu na anga la Goma limekuwa jekundu kidogo kwa chini, Mukagasana alikuwa ameketi mlangoni akimimina maziwa. Joyeuse alikuwa akikunja kazi yake. Majirani walikuwa wamewasha makaa. Ikasikika.

Tik-tik-tik. Kimya. Tik-tik-tik.

Mkono wa mama ukasimama hewani. Joyeuse alingoja aseme umesikia, kama siku zote. Hakusema. Na sauti haikupotea kama siku zote. Ilikaribia, safi, chuma kikigonga chuma, ikiwa na lile pengo mahali pake.

Kisha Joyeuse akageukia barabara. Sauti ilikuwa inatoka chini.

Kila mwenye baiskeli anajua jambo hili. Baiskeli hulia inaposhuka, mwendeshaji akiacha kunyonga. Ikipanda hunyamaza, kwa sababu miguu iko kazini. Hakuna mtu anayepanda mlima akiwa ameachia miguu. Na sauti ile ilipanda. Ilipanda polepole, bila pumzi, bila mlio wa pedali, ikapita nje ya ukuta wa mbao, ikaendelea kupanda.

Mukagasana akaweka kikombe chini. Hakulia.

"Alikuwa anatoka juu," alisema. "Leo anatoka chini. Na hanyongi. Mutu muzima hapandi hivyo, Joyeuse." Akajifunga vizuri kitenge chake. "Amekuja kuniambia. Kesho uite Ntirenganya. Tutanawa."

Joyeuse alikuwa ameshafika mlango wa kiwanja. Alitoka nje, akatazama juu ya barabara. Kule kileleni, mtu mwenye shati la mistari alikuwa anageuza baiskeli yenye bidon ya manjano, na alipomwona alinyanyua mkono, akicheka kwa furaha.

Alimfuata mbio mpaka juu, viatu mkononi.

"Sheri, umesikia?" Cikuru alianza. "Imepanda yote. Yote, sikunyonga hata mara moja. Na sasa iko na makelele, ulivyotaka, mutu yeyote ataisikia..."

"Nani alikutuma?"

"Namna gani?"

"Nilikuambia namna velo ya Darius inalia. Nilikuambia mama anangoja nini." Joyeuse hakupaza sauti, na hilo lilimwogopesha Cikuru kuliko kelele. "Ukaenda kutafuta gurudumu yenye kukosa jino. Ukapita mbele ya mulango wetu, saa yake."

"Joyeuse. Nilitafuta gurudumu yenye kulia juu ulisema itaua mutu. Katika vyuma vya soko nilizungusha nyingi, nikachagua yenye kulia sana. Sikufikiri..."

"Papa yako anataka tarehe. Basi umeipata. Mama anasema kesho tuite wazee. Umefurahi?"

"Anasema hivyo?" Na kwa kitambo kifupi mno, kabla hajajizuia, furaha ilipita usoni mwa Cikuru. Ilimtosha Joyeuse.

"Umechezea kilio ya mama yangu," alisema. "Usinipigie tena."

Alishuka. Nyuma yake hakusikia kitu. Cikuru alikuwa ameibeba baiskeli begani ili isilie.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya kwa namna isiyo na makelele. Baba mdogo Ntirenganya alikuja, mtu mpole mwenye kofia ya majani, akafurahi kwamba shemeji yake amekubali mwishowe. Wakapanga Jumamosi. Mukagasana alitoa beseni nyuma ya mlango, akalisugua kwa mchanga wa lava mpaka likang'aa. Alikuwa mwepesi. Alikula. Usiku alilala. Aliwaambia majirani, "Mutoto wangu alikuja mwenyewe," nao wakatikisa vichwa, maana baadhi yao walisikia.

Joyeuse alijua kitu ambacho mama hakujua, na kila alipotaka kukisema aliona beseni linang'aa juani. Akisema ukweli, mama atalipindua tena, na mlango utabaki wazi kila jioni mpaka mwisho wa maisha yao. Akinyamaza, mama ataupumzisha moyo juu ya uongo, na yeye mwenyewe atakuwa huru. Huru kwa nani? Simu ilikuwa inaita mchana kutwa juu ya meza ya cherehani, jina la Bwana Bidon likiwaka na kuzimika. Hakushika. Halafu ikaacha kuita, na hapo ndipo alipoanza kuitazama.

Ijumaa, jua likiwa bado juu, mtu alibisha. Ilikuwa Cikuru. Shati lake lilikuwa na vumbi mpaka kolani, midomo imekauka kwa upepo wa barabarani. Chini ya kwapa alibeba kitu cha mviringo kilichofungwa katika gunia.

"Mama yuko ndani," Joyeuse alisema. "Toka."

"Nitatoka. Uangalie kwanza. Kisha nitatoka na sitarudi, kama ndivyo unataka."

Akafungua gunia. Lilikuwa gurudumu la nyuma, limeoshwa kwa petroli. Katikati, penye tumbo la gurudumu, ambapo wenye baiskeli hufunga kamba ya kusuguasugua vumbi, palikuwa na pete ya kitambaa kilichosukwa kama nywele. Grisi ilikuwa imeifanya nyeusi, lakini upande mmoja Cikuru alikuwa ameisafisha kwa kidole. Kijani, na jicho la samaki la rangi ya chungwa.

Joyeuse akakaa chini palepale barazani.

Kitenge kile kilikuwa cha kwanza kabisa alichokata alipojifunza kushona. Alikikata vibaya. Mabaki aliyasuka, akamfungia Darius kwenye gurudumu, na Darius akasema sasa velo yangu imevaa vizuri kuliko mimi.

"Sikuwa naijua," Cikuru alisema. "Ilikuwa ndani ya uchafu. Uliponifukuza nilitaka kuivunja, niifungue niipige nyundo. Ndio nikaiona. Nikasema, mutu hawezi kufunga kitu namna hii kwa bure. Nikarudi kwa yule muuzaji wa vyuma, akasema aliitoa Bunagana. Nikapanda pikipiki, nikaenda."

"Ulienda Bunagana?"

"Kuna muzee fundi pale mupakani, mbele ya douane. Ndiye aliiuza. Anasema watu walipokimbia, yeye alirudi wa kwanza, akakuta kijana amelala mutaroni, velo juu yake. Hakuwa na karatasi hata moja. Wamemuzika yeye na jirani yake, chini ya mikaratusi. Velo wengine waliibeba. Ilibaki gurudumu hii tu." Akagusa pete ya kitambaa. "Nikamuuliza, alivaa nini. Akasema shati nyeupe. Nikamuuliza, na nini tena. Akafikiri, akasema mufuko ya shati ilikuwa upande wa kuume. Alisema iliwashangaza, fundi gani huyo anakosea upande."

Joyeuse alikuwa amejiziba kinywa kwa mikono miwili. Darius alitumia mkono wa kushoto. Shati ile aliishona yeye, na mfuko aliuweka upande wa kuume kwa makusudi, ili mkono wake ufike.

"Ungenyamaza," alisema. "Kesho tunanawa. Papa yako angepata tarehe yake."

"Nilifikiri hivyo. Kutoka Bunagana mpaka hapa nilifikiri hivyo." Cikuru aliinama, akalifunika gurudumu nusu. "Halafu nikaona kila siku nitakaa mezani na mama yako, nikijua mutoto wake amelala wapi, na yeye hajui. Sitaweza, Joyeuse. Ningekupata, lakini sitaweza."

"Nani amelala wapi?"

Mukagasana alikuwa amesimama mlangoni. Hakuna aliyejua amesimama tangu lini.

Walimwambia. Joyeuse alianza, kwa sababu lilikuwa deni lake la moyo: kwamba sauti ya jioni ile ilikuwa baiskeli, kwamba aliyeiendesha ni kijana huyu, kwamba alijua tangu dakika ileile na akanyamaza. Cikuru akamalizia ya Bunagana, kichwa chini. Mukagasana alisikiliza yote akiwa amesimama. Kisha akapiga magoti mbele ya gurudumu, akaigusa pete ya kitambaa, akalizungusha gurudumu kwa kidole.

Tik-tik-tik. Kimya. Tik-tik-tik.

"Kijana," akasema. "Unasema ni wewe ulileta hii gurudumu kwangu."

"Ndiyo, mama. Munisamehe."

"Katika soko yote, gurudumu zote zile, ulichagua hii."

"Ndiyo, mama."

"Na mulima yote ya Goma, ulipanda huu."

"Nilitaka Joyeuse aone."

"Wewe ulimuleta. Na wewe, nani alikuleta?"

Mukagasana hakungoja jibu. Alilishika gurudumu, akalizuia lisizunguke.

"Velo yenyewe iko wapi?"

"Iko kwangu, Mapendo."

"Ulete. Urudishe gurudumu mahali pake. Nataka kupanda."

"Mama," Joyeuse akasema.

"Alikuwa ananiambiaka siku moja atanipandisha, nisichoke na makaa. Hakuwa na nguvu ya miguu kwa mwili wangu huu. Ulete, kijana, kabla giza."

Basi majirani wa Mabanga waliona jambo ambalo walilisimulia kwa muda mrefu. Mama Mukagasana, amevaa kitenge chake cha kanisani na kilemba, ameketi upande juu ya kiti cha nyuma cha baiskeli, mikono imeshika shati la mistari la kijana asiyemjua. Cikuru akafungua moto wa batri. Gurudumu la mbele likavuta. Baiskeli ikasita, ikatikisika juu ya lava, ikaanza kupanda, na chini ya mama ule mlio ukaanza. Hakuna mguu ulionyonga. Joyeuse alitembea pembeni, kisha akakimbia kidogo. Alimwona mama yake amefumba macho. Midomo yake ilikuwa inahesabu au inaomba, au inazungumza na mtu kwa Kinyarwanda, maneno ambayo upepo uliyachukua.

Kileleni bidon ilikuwa ya moto, na Cikuru anatetemeka kuliko mashine yake. Mama akashuka. Akatazama chini, nyumba, moshi, ziwa.

"Basi," alisema. "Amenipandisha."

Waliporudi, giza lilikuwa linaingia. Mukagasana alichukua kikombe cha Darius, akaondoa kifuniko, akampa Cikuru kwa mikono miwili.

"Kunywa. Yamekaa sana yakingoja mutu."

Cikuru akamtazama Joyeuse. Akanywa yote bila kupumua, maziwa yakamwachia mstari mweupe juu ya mdomo. Joyeuse akataka kumcheka kama zamani, akalia.

"Hata ng'ombe hajalia," Cikuru akamnong'oneza, "wewe ndio unalia."

"Nyamaza, Bwana Bidon."

"Utashika simu yangu kesho?"

"Nitashika."

Hawakunawa Jumamosi ile. Walikwenda kwanza Bunagana, mama, Joyeuse, Ntirenganya na Cikuru, na yule mzee fundi akawapeleka chini ya mikaratusi. Walililaza gurudumu juu ya kaburi, na mama akalifunika kwa mawe ili lisichukuliwe tena. Ndipo waliporudi Mabanga, beseni likawekwa mlangoni likitazama juu, na wote waliolia wakatumbukiza mikono katika maji yaleyale. Cikuru alisimama mbali, kwa heshima. Mama alimwita. Akanawa naye.

Papa Evariste alipata tarehe yake. Alikuja na wazee wake wamevaa koti, na Joyeuse akatoka ndani na gauni la kijani alilolishona kwa wiki nzima, samaki wa rangi ya chungwa wakiogelea kwenye pindo. Alizunguka maduka mengi kutafuta kitambaa kinachofanana. Wazee walitaniana, wakakataliana, wakakubaliana. Cikuru alikuwa amefunga vifungo vyote mpaka shingoni. Baiskeli yake, yenye gurudumu jipya la nyuma, ilikuwa imeegemea ukuta mbele ya macho ya kila mtu.

Ilikuwa jioni, kabla ya kuwasha taa. Ntirenganya alikuwa katikati ya maneno yake ya shukrani.

Tik-tik-tik. Kimya. Tik-tik-tik.

Ilitoka juu. Ilishuka bila haraka, kama zamani, kama mtu aliyeachia miguu baada ya safari ndefu. Joyeuse akamtazama Cikuru, Cikuru akatazama baiskeli ukutani. Haikuwa imesogea. Ntirenganya alisahau neno lake. Sauti ikafika usawa wa mlango, mahali ambapo siku zote breki ilikuwa inashikwa.

Haikusimama. Ikapita, ikaendelea kushuka kuelekea ziwani, ikawa ndogo, ikaisha.

Mukagasana alikuwa ameinuka nusu, kwa mazoea ya kwenda kuweka maji ya kuoga. Alibaki hivyo kidogo. Kisha akaenda mpaka mlango wa kiwanja, akaufunga, akasukuma komeo mpaka mwisho.

"Velo ni nyingi katika hii barabara," alisema. "Joyeuse, wamiminie wageni."